Gari kuukuu likigoma asubuhi, usiilaumu stata kwanza

Kuna magari ambayo hayauzwi. Hukaa pembeni mwa nyumba yakiwa yamefunikwa turubai, na kila mtu katika jamaa ana kisa chake kuyahusu. Hilo ndilo lililompeleka mama hospitalini usiku aliozaliwa kifungua mimba. Hilo ndilo baba alilonunua kwa malipo yake ya kwanza ya uzeeni. Watoto wamelikalia mgongoni na kupigwa picha nalo, na hata wajukuu wamejifunza kutamka jina lake kabla ya kujua kuandika majina yao.

Aghalabu magari kama hayo hayafi kwa ajali wala kwa kutu. Hufa kwa kuchokwa. Asubuhi moja ufunguo unazungushwa na injini haingurumi. Fundi anaitwa, anainama kidogo, kisha anatoa hukumu: "Stata imekufa." Stata nyingine inanunuliwa. Baada ya miezi miwili gari linagoma tena, na stata ya tatu inatafutwa. Kufikia hapo mama wa nyumba anauliza, kwa haki yake, kama karo ya shule italipwa kwa stata. Mwishowe anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake, na historia ya familia inauzwa kwa kilo.

Juma hili, msomaji mpenzi, nataka tuitetee stata mbele ya baraza. Siyo kwamba haiharibiki. Huharibika, tena sana. Lakini katika gari kuukuu stata ni mtu wa mwisho katika foleni ndefu. Umeme hutoka kwenye betri, hupitia nyaya, vifungo, swichi na bodi ya gari kabla haujaifikia. Mmoja wa hao akilala kazini, lawama humwangukia yule wa mwisho. Ukijua kusikiliza na kupima, utajua ni nani hasa aliyelala kabla hujatoa hata shilingi moja mfukoni.

Gari tutakalolitumia kama mfano ni Volkswagen Beetle, lile lenye mgongo kama wa kobe na injini nyuma. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, lingali nasi. La mwisho kabisa lilitoka kiwandani Puebla, nchini Mexico, mwezi Julai 2003, baada ya zaidi ya milioni 21 kuundwa duniani, na humu nchini bado unaweza kuyaona yakikata barabara za Nairobi, Nakuru na Mombasa. Pili, gari hili lina deni letu la heshima. Mbio za Safari zilizoanzishwa mwaka wa 1953 hazikuwa na mzaha wa matope na vumbi, lakini Vic Preston alishinda kwa Volkswagen mwaka wa 1954, Gus Hofmann akafanya vivyo hivyo 1957, naye Tommy Fjastad akarudia 1962. Gari lililostahimili hayo halifai kuuzwa kwa kilo kwa sababu ya waya uliooza.

STATA NI NINI HASA?

Hapo kale injini iliamshwa kwa mtaimbo uliopindwa. Dereva aliuingiza kwenye injini na kuuzungusha kwa mkono. Injini ikirusha teke, mtaimbo ulirudi nyuma kwa nguvu, na mikono mingi ilivunjika. Ni Mmarekani Charles Kettering aliyeleta nafuu, na kampuni ya Cadillac ikaanza kuuza magari yenye stata ya umeme katika modeli zake za 1912. Tangu hapo hata mtu asiye na misuli akaweza kuamsha gari.

Stata ina sehemu mbili zinazoshirikiana. Ya kwanza ni mota yenyewe, mkebe mnene wenye nyaya za shaba ndani. Ya pili ni solenoidi, mkebe mdogo unaoipanda mota mgongoni. Unapozungusha ufunguo, waya mwembamba hupeleka umeme kidogo kwenye solenoidi. Solenoidi hugeuka sumaku na kufanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja. Husukuma mbele kijigurudumu cha meno, ambacho mafundi wengi hukiita bendeksi, kikashikana na meno ya flaiwili ya injini. Papo hapo hugonganisha vipande viwili vya shaba na kufungulia umeme mkubwa wa betri uingie kwenye mota. Mota huzunguka, flaiwili huzunguka, injini huamka.

Katika Beetle, stata imefungwa upande wa kulia, pale giaboksi inapokutana na injini. Ukilala chini ya gari na kuangalia solenoidi utaona nambari mbili zilizochongwa. Nambari 30 ndipo unapofungwa waya mnene kutoka kwa betri. Nambari 50 ndipo unapofika waya mwembamba kutoka kwa swichi ya ufunguo. Zikariri nambari hizo. Ndizo zitakazokuokoa.

HESABU NDOGO KWA WANAFUNZI

Vijana wa sekondari wanaojifunza Kanuni ya Ohm na kujiuliza itawafaa nini maishani, jibu ni hili hapa. Kanuni inasema volti zinazopotea njiani ni sawa na ampea zinazopita zikizidishwa kwa ukinzani wa njia yenyewe.

Taa moja kubwa ya gari la volti 12 huvuta kama ampea 4. Stata inaweza kuvuta zaidi ya ampea 100. Tuseme inavuta 150. Sasa chukua kifungo cha betri kilichoota ukungu mweupe, chenye ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya ohm, yaani 0.01. Kwa taa, volti zinazopotea ni 4 mara 0.01, yaani 0.04. Hakuna jicho litakalotambua. Kwa stata, ni 150 mara 0.01, yaani volti 1.5. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya nguvu zote za betri, na imepotelea kwenye kifungo kimoja tu. Vifungo vikiwa vinne, injini haizunguki.

Ndiyo maana usemi ule wa kila siku, "Betri ni nzima, si unaona taa zinawaka?" hauna maana. Taa ni mgeni anayekunywa kikombe kimoja cha chai. Stata ni arusi nzima.

Na wenye Beetle za zamani zaidi, zile za volti 6 zilizokuwa za kawaida kabla ya modeli za 1967, wajue kwamba mzigo wao ni mzito maradufu. Volti zikiwa nusu, ampea zinazohitajika kufanya kazi ile ile ni mara mbili. Kwao kifungo kichafu ni adui mkubwa zaidi.

SIKILIZA KABLA YA KUSHIKA SPANA

Daktari mzuri humwuliza mgonjwa aseme anaumwa wapi. Gari nalo husema. Kabla hujafungua chochote, mtu mmoja azungushe ufunguo na mwingine asimame nyuma, kando ya gari, asikilize.

Ukisikia tik-tik-tik-tik ya haraka kama cherehani, shuku betri au vifungo vyake. Solenoidi inashika, inafungulia mota, mota inavuta umeme mwingi, volti zinaanguka, solenoidi inaachilia, volti zinapanda, inashika tena. Mchezo huo hurudiwa mara nyingi kwa sekunde moja. Stata yenyewe huenda ni nzima kabisa.

Ukisikia "tok!" moja nzito na kisha kimya, solenoidi imefanya kazi yake ya kwanza lakini mota haikuzunguka. Hapa washukiwa ni vile vipande vya shaba ndani ya solenoidi vilivyoungua, au kaboni za mota zilizolika, au mota iliyokwama. Lakini betri iliyochoka sana pia inaweza kutoa sauti hiyo, kwa hivyo usihukumu bado.

Ukisikia mvumo wa mota inayozunguka kwa kasi ilhali injini imetulia, bendeksi haikushika flaiwili au imelika ndani na inateleza. Kosa ni la stata.

Ukisikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma, zima mara moja. Yamkini meno ya flaiwili yamelika, au nati za stata zimelegea. Katika Beetle kuna sababu nyingine inayosahauliwa: flaiwili za volti 6 zina meno 109 na zile za volti 12 zina meno 130. Gari lililobadilishwa kutoka volti 6 hadi 12 kwa kuokota kipuri hapa na kingine pale linaweza kuwa na stata na flaiwili zisizopatana.

Ukisikia injini ikizunguka polepole kwa kuugua, kama mzee anayepanda ngazi, makosa yanaweza kuwa mengi: betri, nyaya, oili nzito katika baridi ya Limuru asubuhi, au bushi, ambayo tutaifikia hivi punde.

Na usiposikia chochote, usikate tamaa. Kimya nacho ni jibu.

TAA ZITOE USHAHIDI

Washa taa kubwa, kisha mwombe mtu azungushe ufunguo huku ukizitazama. Jaribio hili halina gharama, na kijana wa darasa la sita anaweza kulifanya.

Taa zikizimika kabisa, kuna mahali umeme unakatika. Anza na vifungo vya betri. Vifungue, vikwangue hadi shaba au risasi ing'ae, kisha uvikaze.

Taa zikififia sana na injini isizunguke, betri haina nguvu, au kuna kitu kilichokwama kinachovuta umeme wote bila kuzunguka.

Taa zikiendelea kung'aa kana kwamba hakuna kilichotokea, basi umeme hauifikii mota. Betri haina hatia. Tafuta kwenye swichi ya ufunguo, kwenye waya wa nambari 50, au ndani ya solenoidi.

Baada ya hapo chukua mita ya volti. Mita ndogo za kawaida hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na stata. Katika Beetle, betri iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Pima ikiwa imepumzika usiku kucha. Betri iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu. Ikionyesha 12.0 au chini yake, ipeleke ikachajiwe kabla hujamshtaki mtu mwingine.

Kisha pima wakati stata inajaribu kuzungusha injini. Betri nzuri haifai kuanguka chini ya volti 9.6 hivi. Ikianguka hadi 7 au 6, ama betri ni mbovu ama stata inavuta kupita kiasi. Ikibaki juu, 11 au zaidi, na injini haizunguki, basi umeme hautoki kwenye betri kama inavyotakiwa. Kuna kizuizi njiani.

KIZUIZI KINACHOJIFICHA

Wengi hufuata waya mwekundu tu. Wanasahau kwamba umeme ukienda lazima urudi. Katika gari hurudi kupitia chuma cha bodi hadi upande wa hasi wa betri. Na hapa Beetle ina siri yake. Injini na giaboksi hukalia mipira ili mtetemo usiwafikie abiria, na mpira haupitishi umeme. Kwa hivyo waundaji walifunga utepe wa shaba uliosukwa kutoka kwa bodi hadi kwenye giaboksi. Utepe huo uko chini, mahali pa matope na maji, na ndio njia ya kurudi ya umeme wote wa stata.

Kijana mmoja wa mtaa wa Buruburu aliachiwa Beetle na marehemu babake. Alikuwa amebadilisha stata mara mbili na betri mara moja, na gari bado lilikuwa likisukumwa na watoto wa jirani kila asubuhi. Alimwendea fundi wa waya, mzee aliyezeekea kazini.

"Mzee, shikamoo. Hili gari limenishinda."

"Marahaba, kijana wangu. Limekushinda au umelishindwa kulisikiliza? Waya wa ekseleta haujawahi kukatika?"

Kijana alishangaa. "Umekatika mara mbili mwaka huu. Lakini mzee, nimekuja kwa mambo ya stata."

"Ni jambo lilo hilo. Ingia chini ya gari uniambie unaona nini kwenye pua ya giaboksi."

Alichokiona ni utepe uliokatika, umebaki nyuzi tatu za kijani. Umeme wa stata ulipokosa njia yake, ulikuwa ukitafuta njia nyingine ya kurudi, na njia nyembamba iliyokuwepo ilikuwa waya wa ekseleta na wa klachi. Nyaya hizo zilikuwa zikipata moto na kudhoofika kila gari lilipoamshwa. Mzee alifunga utepe mpya, akakwangua kutu pale unapofungwa, na Beetle likanguruma. Zile stata mbili za kwanza hazikuwa na ugonjwa wowote. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wewe unaweza kugundua hilo kwa mita bila kulala chini kwa muda mrefu. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, na nyingine kwenye chuma kisafi cha mkebe wa stata. Mwenzako azungushe ufunguo. Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.3 hivi, njia ya kurudi ni mbovu. Fanya vivyo hivyo upande wa pili: ncha moja kwenye kichwa cha chanya, nyingine kwenye nambari 30. Hapo hutaki kuona zaidi ya 0.5. Vipimo hivi viwili huchukua dakika kumi, na vimeokoa stata nyingi zisitupwe.

ASUBUHI HUWAKA, MCHANA HUKATAA

Wenye Beetle wanalijua tatizo hili. Gari linaamka vizuri nyumbani. Unafika mjini, unanunua gazeti, unarudi, na sasa ufunguo ukizungushwa, kimya. Unangoja nusu saa, linaamka tena kama kwamba lilikuwa likikutania.

Maelezo ni haya. Waya unaokwenda nambari 50 ni mrefu. Umeme hutoka nyuma ya gari, huenda hadi mbele kwenye swichi ya ufunguo, kisha hurudi nyuma hadi kwenye solenoidi. Baada ya miaka hamsini, kila kiungo cha njia hiyo kimeshika uchafu, na ndani ya swichi vipande vya shaba vimelika. Isitoshe, injini ikiwa moto, stata iliyo jirani yake hupata moto pia, na shaba ikipata moto ukinzani wake huongezeka, takriban asilimia 4 kwa kila nyuzijoto 10. Solenoidi inahitaji umeme zaidi wakati ambapo inapata kidogo zaidi. Ndipo inaposhindwa kuvuta.

Pima nambari 50 wakati ufunguo umezungushwa. Ikiwa betri inaonyesha volti 11 na nambari 50 inapata 7 au 8, zile volti tatu au nne zimekunywewa njiani. Safisha viungo, badilisha swichi ikiwa imelika, au mwombe fundi wa waya afunge rilei karibu na stata. Rilei humwezesha waya yule mrefu kufanya kazi ndogo tu ya kutoa amri, huku umeme wa solenoidi ukitoka moja kwa moja nambari 30, hatua chache tu. Ni kazi ya saa moja, na gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya stata.

BUSHI INAYOSAHAULIWA

Hata stata ikipatikana na hatia kweli, kuna mtego mmoja wa mwisho. Katika Beetle nyingi ncha ya mbele ya mhimili wa stata haishikiliwi na stata yenyewe. Huingia katika bushi ndogo ya shaba iliyopigiliwa ndani ya mkebe wa giaboksi. Stata ikiondolewa, bushi hubaki pale pale, gizani, haionekani.

Bushi ikilika, mhimili hucheza. Mota ikianza kuzunguka huyumba na kusugua sumaku za ndani, inazunguka polepole, inavuta umeme mwingi, inaungua. Fundi huondoa stata iliyoungua na kuweka mpya juu ya bushi ile ile iliyolika. Baada ya muda mfupi stata mpya inafuata ile ya kwanza kaburini. Kwa hivyo ukikubali kubadilisha stata, sema wazi: "Fundi, na bushi pia." Mwambie vilevile kama gari lako lilikuwa la volti 6 awali, kwa maana bushi za volti 6 na za volti 12 hazilingani matundu.

NYUNDO NA HATARI ZAKE

Kuna dawa maarufu ya barabarani: kuigonga stata kwa kijiti au mpini wa nyundo mtu akizungusha ufunguo. Hufanya kazi wakati mwingine, kwa sababu mtikisiko huamsha kaboni zilizokwama zikagusana tena na mota. Lakini ikifaulu, umeambiwa ukweli: kaboni zimekwisha. Nenda moja kwa moja kwa fundi, usingoje zigome njia panda. Na usijaribu dawa hiyo kwa magari ya siku hizi, kwani stata zao nyingi zina sumaku za kudumu ambazo hupasuka zikipigwa.

Dawa nyingine ni ya kuogopesha zaidi. Vijana huingia chini ya gari na kuunganisha nambari 30 na 50 kwa bisibisi ili kujaribu stata. Ni jaribio la kweli ambalo mafundi hulitumia, lakini gari likiwa ndani ya gia litaruka mbele au nyuma, na aliye chini hana pa kukimbilia. Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, magurudumu yazuiwe kwa mawe pande zote mbili, na ufunguo uwe mfukoni mwako, si mkononi mwa mtoto. Usilale kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Kabla ya kufungua waya wowote mnene, ondoa kwanza waya wa hasi wa betri. Vua pete na saa. Na kwa kuwa betri ya Beetle iko chini ya kiti, hakikisha kifuniko chake kipo. Chemchemi za kiti zikigusa vichwa vya betri watu wazito wanapoketi, kiti huweza kushika moto abiria wakiwa juu yake.

Kuhusu kusukuma, Beetle ni jepesi na huamka likisukumwa ukitumia gia ya pili. Lakini betri ikiwa imekufa kabisa huenda cheche isipatikane, hata mkilisukuma hadi Thika. Na watoto wasitumwe kusukuma gari kwenye barabara ya matatu.

UKIFIKA KWA FUNDI

Nairobi ina mafundi hodari wa kurekebisha stata, na wengi utawapata katika barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado huiita Grogan. Wengi wao wanaweza kuifungua stata, kubadilisha kaboni, kusafisha shaba na kuifunga tena kwa bei ndogo kuliko ya stata nyingine. Nenda kwa heshima, lakini nenda na maswali. Mwombe aishike stata kwenye jiliwa na kuiunganisha na betri mbele yako kabla na baada ya kazi. Mwombe akuonyeshe kaboni zilizolika. Vipuri vya zamani ni vyako, ondoka navyo. Fundi mwaminifu hatakasirika. Atafurahi kumpata mteja anayejua nambari 30 na 50.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Gari la babu halikuvuka miaka hamsini kwa bahati. Kila mwaka kulikuwa na mtu aliyekwangua kifungo, aliyekaza nati, aliyetia oili. Zamu hiyo sasa imekufikia wewe, na kazi yenyewe inaanza kwa mita, kipande cha msasa na sikio lililotulia.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutaiangalia dainamo: kwa nini taa nyekundu ya gari kuukuu huwaka njiani, na kama unaweza kufika nyumbani nayo ikiwa imewaka. Hadi wakati huo, vifungo vya betri visafishwe.